Ungwana wa Wagalatia si adabu

Nimelisikia tena juzi kwenye ibada ya jumuiya hapa Iringa, baridi ya Juni ikipita chini ya mlango: "Kristo alituita kwenye ungwana, kwa hiyo tuwe waungwana, tusijibizane ovyo na majirani." Watu wakaitikia amina. Nami nikanyamaza, maana chai ilikuwa imeshaletwa.

Ungwana katika Wagalatia 5:1, waraka wa Paulo kwa Wakristo wa Galatia, ni hali ya mtu asiye mtumwa. Maana yake ni hiyo tu.

Upole ulikuja baadaye. Pwani, mwungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana. Kwa kuwa huyo ndiye aliyetazamiwa kujua kusalimia na kupokea wageni, neno likahama taratibu kutoka kwenye nasaba hadi kwenye mwenendo. Leo dereva wa bajaji akikurudishia simu uliyoisahau unamwita mwungwana, na hujakosea. Lakini Paulo, sura moja nyuma, anasema Ibrahimu alikuwa na wana wawili, mmoja kwa mjakazi na mmoja kwa mwungwana. Mwungwana huyo ni Sara, yuleyule aliyetaka mjakazi huyo, Hajiri, afukuzwe pamoja na mtoto wake. Kama tunatafuta mfano wa kutojibizana na majirani, hapo tumegonga mlango usio wenyewe.

Aya yenyewe, katika tafsiri ya Kiswahili ya Union Version, iliyotoka Biblia nzima mwaka 1952, inasema Kristo "alituandika huru". Vijana hudhani ni habari ya kuandikishwa majina mbinguni. Kumwandika mtumwa huru ni bwana wake kumwachia, asidaiwe tena na mtu. Tanganyika ilifuta utumwa kisheria mwaka 1922, miaka 30 tu kabla ya Biblia hiyo, kwa hiyo wapo wazee walioisoma aya hii bila kuhitaji kamusi.

Halafu katika aya hiyohiyo kuna "kongwa la utumwa", ambalo wengi wanalieleza kuwa ni nira kwa Kiswahili kigumu. Sivyo. Nira ni ya maksai. Nenda Usangu msimu wa kulima utaiona, na Yesu mwenyewe alisema jitieni nira yangu. Kongwa lilikuwa mti mzito wenye panda. Shingo ya mtu iliingizwa kwenye panda, ikafungwa kwa pingo nyuma, na hivyo ndivyo watu walivyoswagwa kwenye misafara kutoka Ziwa Nyasa hadi Kilwa. Nira inakufanyisha kazi. Kongwa linakuzuia usitoroke.

Ajabu ni kwamba Wagalatia hawakuwa wanarudia ulanzi, yaani pombe ya mianzi, ingawa kila mahubiri ya "msirudi utumwani" huku kwetu huishia kwenye ulanzi. Walitaka kutahiriwa na kushika siku na miezi ili wakubalike kwa Mungu. Walikuwa watu wa dini hasa! Na hao ndio wanaoambiwa "si mtumwa tena bali u mwana", yaani wasijipangie masharti ya kuingia nyumba ambayo tayari ni ya baba yao.

Ndugu yetu wa jumuiya, ulilolisema kuhusu majirani ni kweli, tena sisi wa mtaa huu tunalihitaji. Ila ungeteremka kidogo kwenye sura hiyohiyo ya tano, aya ya 22 na 23. Utu wema na upole viko pale.