Kumtambua kimatira kwenye mibuni

Mkulima anaponiletea mdudu ndani ya kiberiti na kuuliza kama ni kimatira, jambo la kwanza ninalofanya ni kumlaza chali. Kimatira ni kunguni wa jenasi ya Antestiopsis, na kama walivyo kunguni wote hana meno ya kutafunia. Chini ya kichwa chake kuna mrija mwembamba uliolala katikati ya miguu, ambao huuchomeka kwenye tunda bichi na kufyonza maji yake. Nisipouona mrija huo, najua nimeletewa mbawakawa, na mara nyingi huwa ni yule mwenye madoadoa anayekula vidukari, ambaye kumuua ni kujidhulumu.

Akigeuzwa, kimatira huonyesha mgongo wenye umbo la ngao, urefu wa milimita 6 hadi 8, wa rangi ya kahawia iliyokolea hata kukaribia weusi, wenye madoa meupe na ya rangi ya chungwa. Katikati ya mgongo pana pembetatu kubwa inayochongoka kuelekea nyuma, na ncha za mabawa ni laini, ilhali mabawa magumu ya mbawakawa hukutana kwa mstari mmoja ulionyooka. Kunguni wa kijani, Nezara viridula, hamsumbui mtu kumtofautisha, kwa kuwa ni mkubwa karibu mara mbili.

Tunutu wake, yaani watoto ambao hawajakomaa, ni wa mviringo zaidi na hawana mabawa kamili. Mayai meupe hutagwa chini ya jani, kwa kawaida mafungu ya takriban 12.

Mtafute ndani ya mbuni, palipo na majani mengi na kivuli kizito, wala si kwenye matawi ya nje yanayopigwa na jua. Ndiyo maana nasisitiza sana kupogoa. Tunda changa likitobolewa huweza kudondoka, na lisipodondoka punje zake huoza kwa kuvu wanaoingia kupitia tundu hilo. Nchini Rwanda na Burundi mdudu huyu anahusishwa pia na ladha ya viazi vibichi, ambayo punje moja tu hutosha kuharibu kikombe kizima cha kahawa.

Kwa sababu hiyo sisubiri kuona kundi: wastani wa mdudu mmoja au wawili kwa mbuni unatosha kuchukua hatua.