Pikipiki ya mkanda na safari ya nje: yanayosemwa gereji na yaliyo kweli

Dodoma ni mji wa cheni. Boksa, TVS na pikipiki karibu zote za bodaboda huzungusha tairi la nyuma kwa cheni, na fundi wa Majengo au Nkuhungu anaweza kuikata, kuifupisha na kuiunga huku anaongea na simu. Ndiyo maana pikipiki ya mkanda ikisimama mbele ya gereji watu huizunguka kwanza, halafu ushauri unaanza. Mwingi ni ushauri mzuri kabisa, ila ni wa cheni. Ukiufuata kwenye mkanda, hasara yake haionekani hapa nyumbani. Inakungoja Mpika, huko Zambia.

Nalenga zaidi anayepanga kushuka kusini: Iringa, Makambako, Mbeya, Tunduma, kisha Zambia na kuendelea. Anayepanda Kondoa, Babati, Arusha hadi Namanga naye yanamhusu, maana mkanda haujui unaelekea wapi.

"Ni mpira tu, kama wa mashine ya kusaga"

Mkanda wa mashine ya kusaga una umbo la V na hushika puli kwa msuguano. Ukilowa unateleza, ukizeeka unalegea, na mwenye mashine anausogezea mota. Mkanda wa tairi la nyuma la pikipiki una meno upande wa ndani, nayo huingia kwenye meno ya puli, kwa hiyo mvua haiuteleshi. Kinachobeba nguvu ndani yake ni nyuzi za aramidi, jamii ya Kevlar, au nyuzi za kaboni. Ule weusi unaouona kwa nje ni ganda la kuzishika nyuzi hizo. Usiuchanganye pia na mkanda wa skuta uliojificha kwenye kava pembeni ya injini. Ule nao ni wa V, kazi yake ni kubadilisha mwendo badala ya gia, na huliwa mapema.

Kuhusu umbali, wasiwasi hauna msingi. Harley-Davidson ilianza na mikanda ya ngozi mwanzoni mwa karne ya 20, ikahamia kwenye cheni, kisha mwaka 1980 ikarudi kwenye mkanda, safari hii wa meno, kwa modeli ya Sturgis. BMW iliutumia kwenye F800S na F800ST mwaka 2006, pikipiki za kula lami. Mkanda uliofungwa vizuri hukimbia makumi ya maelfu ya kilomita. Dodoma hadi Tunduma ni karibu 700.

"Mkanda na barabara ya vumbi haviendani"

Hapa wasemaji wana nusu ya haki. Vumbi lenyewe si tatizo kubwa, ni kokoto. Jiwe dogo likirushwa na tairi likaingia kati ya mkanda na puli, halina pa kwenda. Puli inalikandamiza na linatoboa. Lami yetu ni nzuri, lakini kila safari ndefu ina mchepuko wake: daraja linajengwa, unashushwa kwenye kifusi kilomita kadhaa nyuma ya malori. Huko ndiko mikanda inakoumia.

Pikipiki hizi hutoka kiwandani na kinga ya chini ya mkanda, kipande cha plastiki au bati kinachozuia mawe. Wengi huing'oa ili puli ionekane. Pendezeni mjini, sawa, lakini kabla ya safari irudishwe. Na kwenye mchepuko achana na kasi, mwache mwenye lori aende.

Ukaguzi wake hauhitaji fundi. Inua tairi la nyuma, gia iwe nyutro, injini imezimwa na ufunguo uko mfukoni. Subiri jioni giza linapoingia, washa tochi upande mmoja wa mkanda, utazame upande wa pili huku unazungusha tairi kwa mkono taratibu, vidole mbali na puli. Tundu lolote litatoa mwanga. Tundu dogo la katikati linaweza kuvumilika kwa mizunguko ya mjini huku unaliangalia, lakini mimi nisingevuka nalo mpaka. Mpasuko ukingoni, jino lililopasuka au nyuzi zinazochungulia havina mjadala, mkanda unatoka. Tazama na mifereji kati ya meno ya puli. Mara nyingi utakuta punje ya kokoto imekaa pale imebanwa na udongo mwekundu, imekauka kama saruji. Itoe kwa kijiti cha mti, bisibisi itakwangua.

Puli nayo isomwe. Za nyuma nyingi ni za alumini zilizopakwa tabaka gumu, na tabaka hilo likiliwa meno hugeuka msasa. Kufunga mkanda mpya kwenye puli iliyoliwa ni kuchoma hela.

Kama ndoto yako ni wiki nzima ya changarawe kaskazini mwa Namibia, nitakwambia kweli: chukua pikipiki ya cheni. Kampuni ya Buell ilijaribu mkanda kwenye Ulysses, pikipiki ya lami na vumbi, na ina wapenzi wake hadi leo. Lakini Harley-Davidson wenyewe, mabingwa wa mkanda, walipotoa Pan America, pikipiki yao ya lami na vumbi, mwaka 2021 waliifunga cheni.

"Unalia huo, bosi, tuupake oili kidogo?"

Kijana anakuja na brashi na kopo la oili chafu, ana nia njema, na sekunde tatu zinamtosha. Mzuie. Mkanda haulainishwi kwa oili, grisi wala mafuta ya taa. Mafuta hushika mchanga, mchanga unasaga meno ya mkanda na ya puli, na petroli au dizeli hushambulia ganda lenyewe. Mlio mara nyingi ni vumbi kavu. Maji na sabuni ya kawaida, brashi laini, suuza, basi. Mlio ukirudi palepale baada ya kuosha, shuku tairi limekaa upande.

Sehemu za kuoshea magari ni hatari zaidi kuliko gereji, maana kuna wanaopuliza dizeli chini ya chombo king'ae. Sema kabla hawajaanza.

"Safari ndefu, kaza zaidi"

Hili ndilo linaloua pikipiki nyingi za mkanda, na linatoka kwenye hofu ya cheni kuchomoka. Mantiki inaonekana sawa: mzigo mwingi, mwendo mrefu, basi ibane. Kinachotokea ni kinyume. Injini na fremu zikipata moto hutanuka, na mkanda uliokuwa sawa asubuhi unakaza wenyewe saa saba mchana kule Mtera. Ukibeba mizigo na abiria, tairi hupanda juu kila linapopiga shimo, na kwenye pikipiki nyingi umbali kati ya puli mbili huongezeka hadi ekseli, egemeo la mkono wa nyuma (ule unaoshika tairi la nyuma) na puli ya mbele vikae mstari mmoja. Mkanda uliokazwa kupita kiasi hauna pa kunyumbuka hapo, kwa hiyo unavuta bearingi ya gia boksi na bearingi za tairi. Unaweza kufika Lusaka mkanda mzima, gia boksi inavuja mafuta.

Kulegea nako kuna adhabu yake. Ukivuta mafuta kwa nguvu meno yanaruka, na kila ruko linakata kitu.

Kipimo kipo na hakihitaji mashine ya bei. Kwa Harley unasukuma katikati ya mkanda kwa nguvu ya kilo 4.5 na kupima kwa rula umeshuka milimita ngapi. Milimita zenyewe hutofautiana kwa modeli, chukua za kitabu cha pikipiki yako, si za jirani. Mzani wa springi, ule wa kuning'iniza samaki, unavuta kilo 4.5 bila shida. Pima pikipiki ikiwa imepoa kabisa, asubuhi. Zungusha tairi upime sehemu kadhaa, kisha rekebisha kwa kufuata pale palipokaza zaidi, kwa sababu puli huwa si duara kamili. Skrubu za kurekebishia, kushoto na kulia, zizungushwe sawasawa, robo kwa robo. Nati ya ekseli imalizwe kwa spana ya torki, ile inayopima nguvu ya kukaza.

Ukibadilisha ugumu wa shokapu kwa ajili ya mizigo, pima upya.

"Spea naikunja naiweka kwenye begi"

Ukishaukunja mkanda kona kali, nyuzi zinavunjika ndani na nje haionekani kitu. Utaufunga porini, utakwenda siku mbili, utakatika. Spea isafiri kwenye duara lake pana, isipindwe kinyume, isibanwe kwa kamba juu ya begi. Wengi hufunga mkanda mpya kabla ya safari na kubeba ule wa zamani ulio mzima kama akiba, na ni akili nzuri, ili mradi wa zamani ulivuliwa kwa adabu na haukupigwa bisibisi.

Mkanda mpya nao usiufunge usiku wa kuondoka. Hukaa vizuri baada ya kukimbia kidogo na kupimwa tena.

"Ukikatika nitanunua mbele"

Cheni ya boksa ipo hadi duka la kijijini. Mkanda una idadi yake ya meno na upana wake kwa kila modeli, na ukiukosa huna cha kubahatisha. Halafu kuufunga si kazi ya pembeni mwa barabara kwa kila pikipiki. Kwenye Harley za safari lazima kava la upande wa klachi litoke na mkono wa nyuma ulegezwe, kwa sababu mkanda hauna kiungo. Ipo mikanda ya dharura inayounganishwa kwa pini, ya kukufikisha mjini polepole. Ukipata inayolingana na pikipiki yako, ibebe.

"Kadi na bima vinatosha"

Bima ya ndani inaishia Tunduma. Omba kwa kampuni yako Kadi ya Njano ya COMESA, soko la pamoja la Mashariki na Kusini mwa Afrika (kadi ya bima, si ile ya chanjo). Tanzania si mwanachama wa COMESA lakini imo kwenye mpango huo, na kadi inafanya kazi Zambia, Malawi, Kenya, Uganda na Rwanda. Haifiki Botswana, Namibia wala Afrika Kusini, huko ulizia utaratibu wa kila nchi mapema. Kadi ya usajili iwe halisi na yenye jina lako, au uwe na barua ya mmiliki iliyothibitishwa na wakili. Anayetokea mpaka wa Rusumo akumbuke kwamba Rwanda wanaendesha kulia, na kosa hufanyika asubuhi ya pili, ukitoka kituo cha mafuta barabara ikiwa tupu.

"Imetoka gereji jana, tunaondoka kesho"

Ipakie kila kitu utakachobeba, hadi maji, uende Mtera na kurudi, kilomita zipatazo 120 kila upande. Ilaze usiku ipoe. Asubuhi leta mzani na rula, pima mkanda, gusa nati ya ekseli na boliti za puli, pitisha tochi. Kipimo kikiwa kimehama sana, kuna kitu hakikufungwa sawa, na siku ya kuondoka isogee.