Ukimsifu muuguzi, taja alichofanya

Shukrani nyingi za wagonjwa hapa Malindi hutolewa mlangoni. Mtu ameruhusiwa kwenda nyumbani, tuktuk inangoja, jamaa wamebeba beseni na leso, na mfanyakazi anayepita mbele yao wakati huo ndiye anayeambiwa, "Sista, Mungu akubariki." Ni maneno mema na tunayapokea kwa moyo mmoja. Lakini ruhusa hutolewa mchana. Muuguzi aliyekesha akimgeuza mgonjwa huyo kitandani kila baada ya muda wa saa mbili, asije akapata vidonda vya kulalia, ameshatoka zamu na yuko kwake Maweni au Kisumu Ndogo amelala. Hakuna aliyemtaja, na si kwa ubaya. Hawakulijua jina lake.

Mimi ni muuguzi, na sehemu ya kazi yangu siku hizi ni kupokea maoni ya wagonjwa na kuandaa habari za wafanyakazi tunazobandika kwenye ubao wa matangazo. Chanda chema huvikwa pete, wazee walishasema. Shida ni kukijua chanda chenyewe. Kikaratasi kikisema "wauguzi wa wodi ya wanawake ni wazuri", tunafurahi, basi. Kikisema "sista wa usiku wa Jumanne alimnywesha mama uji kwa kijiko, akamsubiri ameze kila tonge, hakumharakisha", hapo tuna kitu mkononi. Muuguzi mkuu wa wodi anaweza kumtambua aliyekuwa zamu. Anaweza kukisoma asubuhi wakati wa kukabidhiana zamu, na mwanafunzi wa uuguzi aliyesimama nyuma akaelewa kwamba kumlisha mgonjwa wa kiharusi polepole ni kazi ya kitaalamu, maana uji ukipita njia ya hewa huleta nimonia.

Hospitali nyingi za vyuo vikuu nchini Marekani zina utaratibu wa tuzo uliozaliwa kwa namna hii hii. Mwaka 1999 kijana wa miaka 33, J. Patrick Barnes, alifariki baada ya wiki kadhaa hospitalini, kwa matatizo ya ugonjwa ambao kinga ya mwili hushambulia chembe zinazosaidia damu kuganda. Familia yake ilitarajia wauguzi wawe na ujuzi. Kilichowagusa ni upole wao, kwake na kwa jamaa waliokuwa wakimuuguza. Wakaanzisha tuzo ya DAISY, ambayo mgonjwa au ndugu yake huandika kisa cha muuguzi aliyemhudumia. Leo inatolewa katika maelfu ya vituo, katika nchi nyingi. Mshindi hupewa sanamu ya jiwe iliyochongwa kwa mkono na wasanii wa Kishona wa Zimbabwe, na wenzake wa wodini huletewa mikate ya mdalasini, kwa kuwa Patrick, siku aliyopata hamu ya kula mkate huo, aliagiza pia ya wauguzi wake. Naipenda sana sehemu hiyo ya wenzake kula. Hakuna anayemuuguza mtu peke yake.

Hata hivyo, mgonjwa hawezi kushukuru asichokiona, na kazi nyingi za hospitali hazionekani. Chukua kuongezewa damu. Kabla ya kufungua mrija, wahudumu wawili husimama kando ya kitanda na kulinganisha jina, namba ya mgonjwa, kundi la damu na tarehe ya mwisho ya matumizi, kwenye mfuko na kwenye karatasi. Ikitokea mmoja akagundua namba hazilingani, mfuko unarudi maabara. Mgonjwa amelala, hana habari kwamba amenusurika. Mhudumu aliyeligundua kosa hilo hatapata kikaratasi hata kimoja kwenye sanduku la maoni. Kwa hiyo lazima wafanyakazi nao wapewe nafasi ya kupendekezana, na kwa maoni yangu aliyezuia kosa na kuliripoti anastahili kutangulia mbele ya aliyesifiwa kwa tabasamu.

Yuko pia anayetakasa vifaa vya upasuaji kwa mvuke wa nyuzi 121 na zaidi. Yuko mhudumu wa usafi anayepangusa vyuma vya vitanda na vitasa vya milango, mahali ambapo vijidudu huhama kutoka mkono hadi mkono. Na wako wa mochari. Mwaka 2023 miili zaidi ya 400 ilifukuliwa katika msitu wa Shakahola, na ni mochari ya hapa Malindi iliyoipokea. Waliofanya kazi ile waliibeba miezi mingi, na maiti hawaandiki barua. Mei 5 tunaadhimisha siku ya wakunga, Mei 12 siku ya wauguzi. Hawa wengine tukingoja siku yao ifike, watastaafu kabla hatujawataja.

Sitaki mtu afikiri kwamba cheti kinatosha. Cheti hakilipi karo. Mwaka 2017 wauguzi wa Kenya waligoma kwa takriban miezi mitano, na hakuna ubao wa picha ambao ungewarudisha wodini. Marekani nako, mwaka 1983, wakati wauguzi walikuwa haba, watafiti walizichunguza hospitali 41 zilizofanikiwa kuwabakisha wauguzi wao. Walikuta mambo mazito: wauguzi wa kutosha kwenye zamu, viongozi wanaosikiliza, nafasi ya kujiendeleza, sauti katika maamuzi ya kazi. Kutokana na uchunguzi huo ukaja mpango wa Magnet, wa kuzitambua hospitali zenye mazingira mazuri ya kazi ya uuguzi, na hospitali ya kwanza kutambuliwa, mwaka 1994, ilikuwa ya Chuo Kikuu cha Washington mjini Seattle. Tuzo isiyosimama juu ya mambo hayo wafanyakazi huichukulia kuwa ni kufungwa macho. Vivyo hivyo "mfanyakazi bora wa mwezi" anayechaguliwa kwa zamu, au kwa kujuana: heri isitolewe kabisa.

Heshima kubwa inaweza kutoka huku kwetu pia. Mwaka 2022 muuguzi wa Marsabit, Anna Qabale Duba, alishinda tuzo ya kimataifa ya uuguzi iliyotolewa Dubai, dola 250,000. Waliomsifu walitaja vitendo: elimu kijijini kwao, na kupinga ukeketaji na ndoa za mapema.

Sasa tahadhari mbili. Ya kwanza ni picha. Watu hupiga picha na muuguzi kando ya kitanda, wakazituma kwenye makundi ya WhatsApp kwa nia njema kabisa, na nyuma anaonekana mgonjwa mwingine amevuliwa shati. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inazihesabu habari za afya ya mtu kuwa nyeti. Mji wetu ni mdogo. Ukiandika "mama wa Mambrui aliyejifungua mapacha watatu", hata bila jina, mtaa mzima umeshamjua.

Ya pili ni pesa. Tafadhali usimpe muuguzi noti mfukoni. Najua inatoka moyoni, lakini mgonjwa wa kitanda cha pili ameiona, na usiku ataogopa kuita kwa kuwa hana ya kutoa. Sheria za uadilifu nazo zinaweka mipaka ya zawadi kwa mtumishi wa umma. Ukitaka kushukuru, kisa chako kilichoandikwa kinatosha, na kinaweza kuingia kwenye faili la mfanyakazi ambako waajiri wake watakisoma.

Andika jina lililo kwenye kitambulisho anachovaa kifuani. Kama hukuliona, taja wodi, tarehe na kama ilikuwa usiku au mchana. Orodha ya zamu itatuonyesha ni nani. Usitegemee cheo, maana kwetu kila mwanamume mwenye koti jeupe huitwa daktari. Eleza alichofanya na kilichobadilika kwako. Mistari mitatu inatosha. Tia kwenye sanduku la maoni au peleka ofisi ya muuguzi mkuu, hata kama ulitoka hospitali zamani. Asiyejua kuandika aje aseme, kwa Kiswahili au Kigiriama. Tutaandika kwa maneno yake mwenyewe na kumsomea kabla hajaweka dole gumba.