Ulikatwa neva ya tumbo? Acha diklofenaki, na choo cheusi usikisubirie

Neva gani hiyo?
Inaitwa vegasi, inatoka kwenye ubongo mpaka tumboni na ndo inayoamsha asidi. Dk. Lester Dragstedt wa Chicago aliivumisha operesheni hii ya kuikata ili kutibu vidonda vya tumbo kuanzia 1943, enzi hizo dawa nzuri za kupunguza asidi hazipo. Siku hizi inafanyika mara chache, mara nyingi ni kwa mtu ambaye makovu ya vidonda yameziba njia ya chakula kutoka tumboni.

Na seli za homoni zinakuwaje?
Sehemu ya chini ya tumbo kuna seli zinaitwa seli G, zinatoa gastrini, homoni inayochochea asidi. Ungedhani neva ikikatwa gastrini itashuka, kumbe inapanda! Asidi yenyewe ndo breki ya hizo seli, sasa ikipungua breki inaachia, seli G zinaongezeka na gastrini inajaa kwenye damu. Asidi hairudi kama zamani kwa sababu seli zinazoitengeneza, bila neva, zinaisikia gastrini kwa shida. Kwa shida, sijasema haziisikii kabisa.

Kwa hiyo siwezi kupata vidonda tena?
Unaweza. Narudia, unaweza. Kuna neva zinabaki hazijakatika zote, kuna bakteria wa H. pylori ambaye kisu hakimgusi anahitaji dozi ya antibayotiki umalize yote, na kuna diklofenaki yenu hiyo mnayonunua dukani kila mgongo ukiuma.

Mbona nikimeza tumbo haliumi?
Kidonda cha dawa za maumivu mara nyingi hakiumi mpaka kitoke damu. Na wale wa "mimi nachoma sindano haipiti tumboni", jamani, inafika kwa damu na inavua ukuta wa tumbo kinga yake vile vile. Tueleze una maumivu gani, kuna dawa nyingine.

Nikila nasikia kizunguzungu na moyo unaenda mbio?
Chakula kinashuka haraka mno kwenye utumbo. Kula kidogo kidogo, punguza chai ya sukari nyingi na soda.

Choo kimekuwa cheusi, nisikilizie kidogo?
Usisikilizie. Choo cheusi kinachonata kama lami ni damu mpaka ithibitike vinginevyo, hata kama hauumwi popote, hata kama ulikatwa neva miaka 20 iliyopita. Vidonge vya kuongeza damu navyo vinafanya choo kiwe cheusi sawa, ila hilo tuseme sisi tukishakupima sio jirani. Hospitali leo leo, sio Jumatatu. Ukitapika damu au tumbo likikaza ghafla gumu kama ubao, ondoka dakika hiyo hiyo.

Ninywe maziwa kwanza?
Hapana. Wala juisi ya kabeji, wala mwarobaini. Panda bodaboda na mtu wa kukushika nyuma, au taksi kama ipo, na ukifika mapokezi anza kwa kusema ulishapasuliwa tumbo.