Shaka yenye msingi: lini polisi wa Marekani anaweza kukusimamisha akidhani umelewa
Kama ulijifunza kuendesha gari Nairobi au Dar es Salaam, umezoea trafiki anyooshe mkono tu, nawe uweke gari pembeni. Sababu utaijua baadaye. Marekani, sababu hutangulia: askari anayemsimamisha dereva kwa kumdhania kalewa lazima awe na kile mahakama za huko zinachokiita shaka yenye msingi.

Si lazima awe na uhakika, lakini machale pekee hayatoshi. Zinatakiwa dalili anazoweza kuzitaja moja moja mbele ya jaji: gari lilivuka mstari mara tatu, lilikwenda usiku bila taa, au taa iliwaka kijani likabaki limeganda hadi wa nyuma wakaanza kupiga honi. Akishindwa kuzitaja, yote yaliyofuata, hata kipimo cha pumzi, yanaweza kutupwa nje ya kesi. Kipimo hiki cha shaka kilitokana na kesi ya Terry dhidi ya Ohio ya 1968, ambayo wala haikuhusu magari, ilihusu wanaume waliokuwa wakipitapita na kuchungulia dirisha la duka. Mwaka 1979, katika Delaware dhidi ya Prouse, Mahakama ya Juu ikakataza kusimamisha gari lolote lile kiholela, hata kama ni kwa kukagua leseni tu.

Je, shaka ikitoka kwa mtu mwingine? Agosti 2008, huko California, dereva mmoja alipiga 911, namba ya dharura ya huko, akasema pikapu ya Ford F-150 ya rangi ya fedha imemsukuma nje ya barabara, akataja na namba zake. Askari waliifuata kama dakika tano, wasione kosa lolote. Wakaisimamisha hata hivyo, wakakuta bangi ya karibu kilo 14. Mwaka 2014, katika Navarette dhidi ya California, majaji watano dhidi ya wanne walisema simu ile ilitosha. Mimi naona wale wanne walikuwa na hoja nzito. Mlevi hanyooki barabarani dakika tano kwa sababu tu ameona polisi nyuma yake.

Vizuizi vya kupima ulevi ni jambo tofauti, maana pale kila gari husimamishwa kwa mpango uliowekwa mapema, bila kumshuku yeyote. Katika Michigan dhidi ya Sitz, 1990, Mahakama iliviruhusu: katika kizuizi cha kesi hiyo magari 126 yalipita, kila moja likachelewa wastani wa sekunde 25, wakakamatwa wawili. Baadhi ya majimbo hayavitumii kabisa, na Michigan yenyewe ilivikataza mwaka 1993 kwa katiba yake ya jimbo.

Linalonisumbua zaidi ni hili: tangu kesi ya Whren ya 1996, kosa lolote dogo la barabarani linatosha kukusimamisha, hata kama askari alikuwa na lengo jingine moyoni. Taa ya nyuma iliyoungua inatosha. Akishafika dirishani akasikia harufu ya pombe, au ulimi wako ukawa mzito, hapo shaka mpya imezaliwa. Ukikamatwa, pumzi yako inaweza kupimwa bila hati ya mahakama. Damu, kwa uamuzi wa Birchfield wa 2016, kwa kawaida haitolewi bila hati hiyo au ridhaa yako.