Kurejea katika jamii baada ya jeraha kubwa la ubongo: maana yake

Kuruhusiwa hospitalini si kurejea katika jamii. Mtu aliyeumia vibaya ubongo husemwa amerejea pale anaposhika tena nafasi yake nyumbani, miongoni mwa ndugu na marafiki, na kazini au masomoni. Dodoso la mtafiti Barry Willer na wenzake hupima mambo hayo matatu kwa maswali 15, alama zikianzia 0 hadi 29. Halitafuti mtu anaweza nini, bali hufanya nini hasa: nani hufanya manunuzi ya nyumbani, huwatembelea marafiki mara ngapi kwa mwezi.

Kwa kawaida jeraha huhesabiwa kuwa kubwa mgonjwa akipata alama 3 hadi 8 katika kipimo cha fahamu cha Glasgow, ambacho 15 ni fahamu kamili. Wengi wanaonusurika hutembea tena, na hapo ndipo familia hujidanganya kwamba yameisha. Kinachokwamisha zaidi hakionekani kwa macho. Mambo mapya hayakai kichwani. Uchovu huja ghafla, hata baada ya mazungumzo tu. Sehemu ya mbele ya ubongo ikiumia, mtu anaweza kujua kabisa namna ya kuoga au kupika, ila hawezi kuanza mpaka aambiwe. Huyo huitwa mvivu, na ni kumwonea. Mgumu kusaidia kuliko wote ni asiyejua kwamba amebadilika, maana haoni daftari la kumbukumbu ni la nini.

Mazoezi yafanyike mahali penyewe, kwa kuwa kilichofunzwa kliniki mara nyingi hubaki kliniki. Kupanda basi kufunzwe kituoni: kutambua basi, kulipa, kushuka panapotakiwa. Msaidizi amwongoze kila hatua, kisha aondoe msaada kidogo kidogo. Kumwacha abahatishe si vizuri, kwani mwenye kumbukumbu dhaifu hulishika kosa lenyewe na kulirudia.

Kazini, kosa la kawaida ni kurudi siku nzima mara moja. Makosa yanarundikana, mwajiri anakata tamaa. Afadhali kuanza na kazi ya muda wa saa mbili tu asubuhi, siku chache kwa wiki, kazi moja isiyo na kelele, akipumzika kabla hajachoka. Muda uongezwe ikiwa jioni bado ana nguvu ya kuzungumza na watu wa nyumbani. Kuendesha gari kusubiri ruhusa ya daktari, kwa sababu jeraha linaweza kuleta kifafa au kuharibu uoni. Pombe aiache: huongeza hatari ya kifafa hichohicho.