Acheni kuhesabu mazimwi

Kuna sentensi moja kuhusu Doom, ule mchezo wa kompyuta wa kupiga mazimwi risasi, ambayo nikiisikia siku hizi hata usingizi hunipaa: "Ramani za mashabiki za Doom hazina ujuzi wowote, unamwaga mazimwi 500 chumbani, basi imeshakuwa ngumu." Wengi wanaoisema hawajawahi kufungua edita, programu ya kuchorea ramani, yaani viwanja vya mchezo wenyewe. Nilikuwa nawasamehe. Ila sasa naisikia hata kwa watu wanaochora ramani wenyewe, na huko uvumilivu wangu ndiko ulikoishia. Naandika mara moja kwa kirefu, ili nikiulizwa tena nitume kiungo nikalale.

Ya msingi nayapita mbio. Doom ilitoka tarehe 10 Desemba 1993. id Software waliweka ramani, picha na sauti zote kwenye faili la WAD, nje ya programu yenyewe, ndiyo maana mtu baki aliweza kuongeza ramani zake bila kuigusa injini, yaani hiyo programu. Mwaka 1994 edita ya DEU ilikuwa tayari mikononi mwa watu. Mwaka 1996 ikauzwa Final Doom, pakiti mbili zilizochorwa na watu waliotoka miongoni mwa mashabiki. Tarehe 23 Desemba 1997 msimbo chanzo ukatolewa, mipaka ya injini ya zamani ikapanuliwa, na pakiti za ramani 32 zinaendelea kutoka hadi leo. Basi, turudi kwenye hasira zangu.

Mwaka 2001 ilitoka ramani iitwayo Nuts. Ina mazimwi zaidi ya 10,000. Kama ugumu ungekuwa hesabu, pasingekuwa na ramani ngumu kuliko hiyo, na mjadala ungefungwa mwaka ule ule. Kumbe ukishaushtua ule umati, kazi yako kubwa ni kukimbia na kuwaacha wachinjane: kombora la zimwi moja linampata la aina nyingine, lililopigwa linageuka kulipiza, na vurugu inajiendesha yenyewe. Kwa miaka mingi iliyozidiwa pale ilikuwa kompyuta kuliko mchezaji. Ulikuwa mzaha, tena mzaha mzuri.

Sasa chukua ramani ya 11 ya Plutonia, ile Hunted, iliyomo ndani ya Final Doom. Ni mzingile wa vichochoro wenye mazimwi aina ya Arch-vile wanaokusaka. Idadi yao ni kichekesho ukiiweka karibu na Nuts. Lakini Arch-vile ana uhai wa 700, moto wake unakupata ukiwa bado machoni pake unapokamilika, na dawa kuu ni kujificha nyuma ya ukuta kabla haujalipuka. Kuta ziko tele pale. Tatizo ni kwamba nyuma ya ukuta unaoukimbilia huenda yupo mwingine. Hakuna kilichomwagwa chumbani hapo. Mtu alikaa chini akafikiri utakimbilia wapi.

Nafasi ndiyo ya kwanza kuangalia. Mchezaji ana upana wa uniti 32 za ramani; kwa mazimwi, Revenant ana 40, Mancubus 96, Arachnotron 128. Uwazi wa uniti 64 unampitisha Revenant na kumzuia Mancubus, kwa hiyo Mancubus watano nyuma ya uwazi huo watabaki palepale wakitema moto, hawatakufuata hata siku moja. Wahamishie uwanjani, idadi ile ile, na unashughulika na kitu kingine kabisa. Vivyo hivyo kwa mlango ulioingilia: ukibaki wazi, mchezaji atarudi kizingitini na kuua mmoja mmoja huku anapiga miayo. Ufunge nyuma yake tu, usiongeze hata zimwi moja, halafu mtazame. Na usinichekee yule askari mwenye bunduki ya mfululizo. Uhai wake ni 70 tu, lakini maadamu anakuona haachi kufyatua, na ukimpandisha kwenye roshani mbali mkabala na mlango, mchezaji ataheshimu kile chumba kizima.

Sauti nataka niikalie, kwa sababu ndiyo watu wasiyoijua kabisa na ndiyo inayoendesha karibu kila pambano walilowahi kulipenda.

Ramani ikianza, karibu kila zimwi limelala. Linaamka likikuona mbele yake au likisikia silaha yako. Sauti ya Doom haipungui kwa umbali. Unapofyatua, inaenea papo hapo kutoka sekta moja, yaani kipande kimoja cha ramani, hadi nyingine kupitia kila uwazi uliopo, hata ukiwa mwembamba kiasi gani. Mlango uliofungwa unaizuia. Ule mstari wa kuzuia sauti anaouweka mchoraji nao unaizuia, ila mmoja hautoshi: sauti inavuka wa kwanza na kufia kwenye wa pili. Mchoraji mpya huweka mmoja, kisha anashangaa kwa nini kundi lililokuwa vyumba vitatu mbele limefika mlangoni kabla yeye hajaokota shotgan. Halafu anaandika kwamba injini ina hitilafu. Injini haina hitilafu, ongeza mstari wa pili.

Kwa hiyo kuchora pambano ni kazi ya fundi bomba: unaamua sauti ipite wapi, izibwe wapi, ifunguliwe lini. Lile kundi la Revenant linaloibuka nyuma yako ukiokota ufunguo halikuzaliwa hewani. Lilikuwa kwenye kabati nje ya ramani tangu mwanzo, limeunganishwa na mahali ulipoanzia kwa kisekta chembamba cha kupitisha sauti tu, likaamka kwa risasi yako ya kwanza kabisa, na tangu hapo linasukumana mbele ya kizuizi. Ulipookota ufunguo kizuizi kilishuka, na wao wakakanyaga mstari unaowahamisha papo hapo hadi nyuma yako. Hilo usemalo ni uhuni limepangwa kwa uangalifu kuliko kitu kingine chochote kwenye ramani nzima.

Kuna na ile alama ya kuvizia ambayo mchoraji anaweza kuliwekea zimwi. Wengi wanadhani zimwi lenye alama hiyo halisikii. Linasikia vizuri tu, ila halitoki mahali pake mpaka likuone, na likishasikia linaweza kukuona hata ukiwa mgongoni mwake. Yaani zimwi moja, mahali pale pale, linaweza kukutana nawe likiwa usingizini, likiwa njiani kukufuata, au likiwa limekutegea kona. Kwenye ukurasa wa takwimu yote matatu ni "1".

Sauti ndiyo inayoamua pia nani atangulie, na anayetangulia ndiye anayepigwa mgongoni na wenzake. Makombora ya aina moja hayaumizani. Baron na Hell Knight, ingawa ni aina mbili za mazimwi, injini inawahesabu kuwa ndugu, kwa hiyo moto wa mmoja haumdhuru mwenzake. Jaza ukumbi Baron 20 na Hell Knight 20: umati unaonekana mchanganyiko, lakini hawatagusana, na kila pigo utalipiga wewe. Toa wale Hell Knight, weka Mancubus 20, na ukipita mbele yao kwa akili watakusaidia nusu ya kazi. Jumla ni 40 pande zote mbili. Naomba mnieleze takwimu ya 40 imewaambia nini.

Risasi nazo zina hesabu yake. Shotgan ya mitutu miwili hutoa vipande 20, kila kimoja kikiumiza kati ya 5 na 15, kwa hiyo vikipata vyote wastani ni 200, kwa gharama ya risasi mbili. Baron ana 1,000. Ni mapigo kama matano, risasi kumi. Boksi la risasi 20 ni Baron wawili, tena kama hukukosa hata mara moja. Mchoraji akikupa Baron wanne na boksi moja, amekuambia bila kutamka kwamba wawili usiwaue, au utafute namna ya kuwagombanisha na wengine. Akikupa BFG, ile bunduki kubwa inayokula umeme, na umeme wa kutosha, amekuambia simama ufyeke. Ila kuna ubahili usio na uhusiano wowote na ugumu: Baron mmoja kwenye kichochoro, wewe na shotgan ya kawaida, mnatazamana mpaka aanguke. Hiyo ni adhabu. Wanaozifanya ramani za namna hiyo ndio wanaotuletea lile jina baya.

Kabla hujalalamika, niambie ulicheza kiwango gani. Doom ina viwango vitano, lakini mchoraji hupanga mazimwi na vifaa kwa seti tatu: viwili vya chini vinatumia moja, cha katikati kina yake, na viwili vya juu vinatumia moja. Ultra-Violence, kimojawapo cha vile vya juu, katika pakiti nyingi za leo imepangwa kwa watu wanaocheza Doom tangu wakiwa wadogo. Hurt Me Plenty, kile cha katikati, ipo, wala hakuna atakayekukamata. Niambie pia kama ulianza ramani ile na bastola na risasi zake 50, au uliingia na mzigo wa ramani kumi zilizopita. Wengi tunapima kwa bastola, kwa kuwa ukifa unaanzia hapo. Ukiingia na umeme 600 kiunoni kisha ukaniambia ramani ya 14 ni rahisi mno, sina la kukujibu.

Haya, na mimi niseme yanayonisumbua, maana nikiishia hapo mtadhani mambo yote yana kanuni.

Kwanza, mchoraji ndiye mtu mbaya kuliko wote wa kupima ramani yake. Zimwi likujualo halikuli likakwisha, na mazimwi ya ramani yangu yananijua. Najua nani yuko kabatini na atatoka lini. Nikimaliza pambano bila kuumia sijajifunza chochote kuhusu pambano hilo. Wapimaji husaidia, lakini kwenye raundi ya tatu nao wameshalizoea, na hapo ndipo ramani nyingi hukazwa kupita kiasi kwa sababu kila mtu chumbani ameshakuwa bingwa wa ramani moja.

Pili, vile viwango vya chini ninavyokutuma ucheze mara nyingi havipimwi ipasavyo. Anayejitolea kupima kwa kawaida ni fundi, na fundi anataka Ultra-Violence. Kwa hiyo seti ya katikati hutungwa kwa kukisia: toa Arch-vile mmoja, ongeza dawa mbili, tumaini mema. Sijui dawa ya hilo.

Tatu, bahati. Doom haibahatishi kweli, inasoma namba kutoka jedwali la namba 256 kwa zamu. Lakini kwa mchezaji aliye uwanjani ni bahati tu. Kombora la Cyberdemon likikupiga sawasawa linaumiza kati ya 20 na 160, na mlipuko wake unaongeza hadi 128. Ukiwa na uhai 100 na kinga ya mwilini nzuri, kosa lile lile leo unabaki hai, kesho umekufa. Nikisema pambano hili ni la haki, nazungumzia wastani, na hakuna anayekufa kwa wastani.

Na la nne linaniuma zaidi: zipo pakiti za machinjio, zile za umati wa mazimwi, ambazo kweli ni kumwaga tu. Zipo nyingi. Ningependa kuwapa kipimo cha kuzitambua bila kuzicheza, na sina. Nafasi, sauti, nani ni ndugu wa nani, risasi: hayo yote yanasaidia. Halafu unakutana na ukumbi mmoja uliojazwa ovyo kabisa, umevunja kila nilichoandika hapa, na unacheza mpaka usiku wa manane ukicheka peke yako. Nimejaribu kuuchambua ukumbi wa namna hiyo ndani ya edita, nikatazama kila alama na kila mstari. Sikupata kitu cha kuiba.

Kwa hiyo malalamiko nayapokea, ila yaje na demo, yaani rekodi ya ulivyocheza. Faili lake ni dogo sana, kwa sababu halirekodi picha. Linaandika tu ulichobonyeza, mara 35 kila sekunde, na injini inaucheza upya mchezo wako. Nitaona ulikofia, nani alikuwa macho, na risasi ulizoziacha sakafuni nyuma yako. Andika kiwango, andika kama ulianza na bastola, na tafadhali taja injini uliyotumia pamoja na toleo lake. Demo ya injini moja ikichezwa kwenye nyingine hupotea njia baada ya muda mfupi, na nitakachoona ni wewe ukiupiga ukuta risasi kwa bidii hadi mwisho wa faili.